Kuona Si Kujua: Funzo la Viwanja 18 vya Laikipia

Mtu asafiriye katika nchi tambarare ya Laikipia, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, hufika mahali ambapo udongo ni mweusi tupu. Wakati wa mvua udongo huo hunata miguuni hata viatu vikawa vizito kama mawe, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutia mkono wake. Miti ya aina nyingi haikubali kumea hapo. Uko mmoja tu ulioufanya udongo huo kuwa makao yake, nao ni mgunga mfupi wenye miiba mirefu myeupe. Penye mashina ya baadhi ya miiba hiyo mti hufanya mafundo meusi, matupu ndani, yenye vitundu vidogo. Upepo ukivuma juu ya vitundu hivyo, mti hupiga mluzi. Katika kila miti 100 iliyo mahali hapo, zaidi ya 95 ni ya aina hiyo moja.

Mti huu haukosi maadui. Twiga hunyosha shingo akala majani yake pamoja na miiba, na tembo hukwanyua matawi, na pengine huuvunja mti mzima. Mtu yeyote mwenye macho akitazama mambo hayo atasema: "Waondoe wanyama hawa wakubwa, na mti utastawi." Na mfugaji wa nchi ile, aonapo kundi la punda milia wakila nyasi ambazo ng'ombe wake wangalikula, husema: "Waondoe punda milia, na ng'ombe wangu watanenepa."

Maneno hayo mawili hayakusemwa na wapumbavu. Yana akili ndani yake, na yametokana na kutazama kwa siku nyingi. Lakini je, ni kweli? Swali hili si la mchezo. Kwa mfugaji, ng'ombe ni karo ya shule, ni mahari, ni akiba ya siku ya shida. Mtu akitoa fedha zake kujenga ua, au akiwafukuza wanyama wa porini kwa sababu ya neno lisilo kweli, hasara si ya mwenye kulisema neno hilo, bali ni yake yeye na watoto wake.

Habari ya jinsi maneno hayo yalivyopimwa yafaa kujulikana na kila mtu, kwa sababu yaonyesha waziwazi sayansi ni kitu gani hasa, na jinsi viumbe vya nchi moja vilivyofungamana.

NJIA YA KUULIZA

Watu wengi wakisikia neno sayansi hufikiri habari za chupa za kioo, mashine za umeme na dawa zenye harufu kali. Hivyo vyote ni vyombo tu, kama vile jembe lilivyo chombo cha mkulima. Sayansi yenyewe ni njia ya kuuliza, na njia hiyo ina hatua zake. Kwanza mtu hutazama jambo kwa makini. Pili hutoa wazo lake juu ya sababu ya jambo hilo. Tatu hujisemea: "Ikiwa wazo langu ni kweli, basi nikifanya hivi yatatokea haya, na yasipotokea, nimekosea." Nne hufanya jaribio na kupima. Tano hulikubali jibu, hata kama halikumpendeza.

Hatua ya tatu ndiyo yenye maana kuliko zote. Wazo lisiloweza kukataliwa na jambo lolote haliwezi kupimwa, na lisiloweza kupimwa si la sayansi, ingawa laweza kuwa zuri kusikia.

Tuseme mkulima mmoja ametia samadi katika shamba lake la bondeni, na shamba la mlimani hakulitia. Wakati wa mavuno, mahindi ya bondeni yakawa makubwa kupita ya mlimani. Naye akafurahi, akasema samadi ndiyo iliyofanya kazi. Pengine ni kweli. Lakini bondeni kuna maji mengi zaidi, udongo wa rutuba huteremka huko kila mvua inyeshapo, na huenda mbegu zenyewe zilipandwa mapema. Mambo manne yamechanganyika, naye ametoa sifa zote kwa moja. Angalitaka kujua hakika, ingalimpasa kugawa shamba moja sehemu mbili zilizo sawa kwa udongo, kwa maji, kwa mbegu na kwa siku ya kupanda, kisha atie samadi upande mmoja tu. Upande ule usiotiwa kitu ndio kipimo cha kulinganisha. Bila kipimo hicho, mtu huwa kama mwenye mizani ya sahani moja.

Tena sehemu mbili peke yake hazitoshi. Huenda upande mmoja ulikuwa na kichuguu cha kale chini yake, au panya walikula mbegu za upande wa pili. Kwa hiyo jaribio hurudiwa mahali pengi, ili bahati isije ikadhaniwa kuwa sababu. Jambo likitokea mara moja laweza kuwa ajali. Likitokea kila mahali lilipojaribiwa, yapasa kulisikiliza.

VIWANJA 18

Mwaka 1995, katika kituo cha uchunguzi cha Mpala huko Laikipia, bingwa wa elimu ya mimea kutoka Marekani, Bwana Truman Young, pamoja na wenzake, walianza kazi ya kuwauliza wanyama na miti kwa njia hiyo. Walipima viwanja 18 katika udongo ule mweusi, kila kimoja mita 200 kwa mita 200, yaani hekta 4. Viwanja hivyo viligawanywa katika mafungu matatu, kila fungu lina viwanja sita, na kila kiwanja cha fungu kina sheria yake.

Katika kiwanja cha kwanza wanyama wote huingia: tembo, twiga, punda milia, swala na ng'ombe pia. Katika cha pili huingia wanyama wote wa porini, lakini ng'ombe hawaingii. Katika cha tatu tembo na twiga wamezuiliwa, bali punda milia na wenzake huingia, na ng'ombe pia. Cha nne ni kama cha tatu, ila ng'ombe hawamo. Katika cha tano ng'ombe peke yao ndio waliao nyasi. Na katika cha sita hapana mnyama mkubwa aingiaye, wa porini wala wa nyumbani.

Msomaji atauliza jinsi tembo anavyozuiliwa pasipo kumzuia punda milia. Ujanja wake ni mwepesi. Waya wa umeme umetundikwa juu kiasi cha mita 2 kutoka ardhini. Punda milia hupita chini yake bila kujua kwamba upo. Tembo na twiga hugusa, hushtuka, na kurudi nyuma. Viwanja vya sheria ya tano na ya sita vimezungushiwa ua mrefu wa nyaya nyingi. Ama ng'ombe, wao huletwa na wachungaji kwa siku zilizopangwa, wakalishwa kama wanavyolishwa katika malisho ya kawaida.

Kwa kuwa mafungu ni matatu, kila sheria imejaribiwa mara tatu. Na kwa kuwa viwanja vya fungu moja viko karibu karibu, mvua yao ni moja na udongo wao ni mmoja. Tofauti ikionekana baina yao, sababu yake haitafutwi mbali. Ni yule mnyama aliyeruhusiwa hapa na kukatazwa pale.

NG'OMBE NA PUNDA MILIA

Jibu juu ya ng'ombe lilitangazwa mwaka 2011 katika gazeti la wataalamu liitwalo Science. Aliyeiongoza kazi hiyo ni Mkenya, Bwana Wilfred Odadi. Yeye na wenzake walilisha ng'ombe katika viwanja vyenye wanyama wa porini na katika viwanja visivyo nao, wakawapima uzito wakati wa kiangazi na wakati wa mvua.

Wakati wa kiangazi mfugaji alionekana kuwa na haki. Nyasi zilikuwa chache, na ng'ombe waliokula pamoja na punda milia na wenzake waliongezeka uzito kidogo kuliko wale waliokula peke yao. Hali hiyo wataalamu huiita ushindani: midomo ni mingi na chakula hakitoshi.

Lakini mvua ziliponyesha, mizani ilisema vingine. Ng'ombe waliokula pamoja na wanyama wa porini waliongezeka uzito zaidi ya wale waliokuwa peke yao. Sababu ilitafutwa ikapatikana. Wakati wa mvua nyasi hukua upesi, na vijiti vyake vikavu vilivyokomaa hufunika majani mabichi. Punda milia hana haya ya kula vijiti hivyo vigumu. Akiisha kuvipunguza, ng'ombe hupata majani mororo yenye nguvu mwilini. Mnyama yule aliyeitwa mwizi wakati wa kiangazi, wakati wa mvua alikuwa mtumishi asiyelipwa mshahara.

Basi, je, mfugaji alikosea au hakukosea? Alisema kweli nusu. Alitazama wakati wa kiangazi, maana ndio wakati wa shida, na shida hukaa moyoni kuliko neema. Nusu ya pili hakuiona, kwa sababu wakati wa mvua kila ng'ombe hunenepa, na hapana mtu auonaye kwa macho uzito ambao ng'ombe angaliupata kama mambo yangalikuwa vingine. Jambo hilo lilihitaji ua na mizani.

MTI NA ASKARI WAKE

Jibu juu ya mti ni la ajabu zaidi. Ili kulielewa, yafaa kurudi kwenye yale mafundo meusi. Ndani yake hukaa sisimizi. Mti huwapa nyumba, nao hutoa pia maji matamu katika majani yake ili wanywe. Sisimizi nao hulipa kodi ya nyumba kwa kazi ya ulinzi: mnyama akigusa tawi, hutoka kwa maelfu na kumwuma mdomoni na puani. Urafiki wa namna hii, ambao kila upande hutoa na kupokea, ndio wataalamu wauitao ushirikiano wa viumbe.

Mahali hapo kuna aina nne za sisimizi waishio katika mgunga huo, na kwa kawaida mti mmoja huwa na kabila moja tu. Makabila hayo hupigana vita ili kunyang'anyana miti. Kabila lenye miti mingi kuliko yote ni askari hodari wanaotegemea maji matamu na mafundo. Kabila lingine ni wavivu wa ulinzi, wala hawategemei mafundo. Hao hupenda kukaa katika mashimo yaliyotobolewa na mbawakawa ndani ya shina la mti.

Mwaka 2008, baada ya viwanja kukaa karibu miaka 10 bila wanyama wakubwa, Bwana Todd Palmer na wenzake walitangaza walichokiona. Wazo la kila mtu lilikuwa kwamba miti iliyokingwa na tembo na twiga itakuwa na afya kupita mingine. Haikuwa hivyo. Mti usioliwa uliacha kutumia mali yake kwa ulinzi. Ulipunguza maji matamu, ukapunguza mafundo, kama tajiri apunguzaye mishahara ya walinzi kwa kuwa wezi hawaonekani tena. Askari wenye njaa wakaanza kufuga wadudu wafyonzao utomvu wa mti, ili wapate utamu kwa njia hiyo, na nguvu yao vitani ikapungua. Ndipo kabila la wavivu lilipowanyang'anya miti. Hao hawakuwazuia mbawakawa, maana mbawakawa ndio wachongaji wa nyumba zao. Miti iliyokaliwa nao ilitobolewa zaidi, ikakua polepole, na vifo vyake vikawa mara mbili ya vifo vya miti iliyokuwa na askari hodari.

Kwa maneno machache, ua uliojengwa kumzuia adui wa mti ulimwondolea mti rafiki zake. Katika hao waliosema kwamba mti utastawi, hapana aliyekuwa mjinga. Walikosa tu kuulizia mdudu aliyekaa katikati ya tembo na mti.

MDUDU MGENI NA SIMBA

Wazo likiisha kushinda jaribio moja, wataalamu hawalali. Huuliza tena kwa njia nyingine, wakitafuta mahali ambapo laweza kuanguka. Je, ni kweli kwamba sisimizi wadogo waweza kumzuia tembo? Bwana Palmer na mwenzake, Bwana Jacob Goheen, waliwapa tembo yatima wa Tsavo matawi yenye sisimizi na matawi yasiyo nao. Tembo hao waliyaepuka matawi yenye sisimizi. Na matawi ya mgunga wa mluzi yalipoondolewa sisimizi wake, waliyala kama walavyo miti mingine. Hiyo yaonyesha kwamba kilichokuwa kikiwarudisha nyuma ni wadudu hasa, wala si mti. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2010.

Tena huko Laikipia likatokea jaribio ambalo hapana mtu aliyelipanga. Mapema katika miaka ya 2000 sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa waliingia katika nchi hiyo. Hao huwaua sisimizi walinzi na kula mayai na watoto wao, lakini wenyewe hawaulindi mti. Mahali walipofika, tembo walivunja miti mara 5 hadi 7 zaidi ya mahali ambapo hawajafika.

Mwaka 2024 Mkenya mwingine, Bwana Douglas Kamaru, pamoja na wenzake, walitangaza mambo yaliyofuata katika hifadhi ya Ol Pejeta. Miti ilipopungua, nchi ilikuwa wazi. Simba huwinda punda milia kwa kunyemelea, naye hawezi kunyemelea mahali pasipo maficho. Mahali ambapo wadudu wageni hawajafika, punda milia waliuawa na simba karibu mara 3 zaidi kuliko mahali walipofika. Mwaka 2003, katika kila wanyama 100 waliouawa na simba hapo, 67 walikuwa punda milia, wala nyati hakuwamo. Mwaka 2020 punda milia walikuwa 42, na nyati pia 42. Simba hawakupungua kwa hesabu, lakini iliwapasa kugeuza mawindo yao na kupambana na nyati, mnyama mwenye pembe na hasira. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele amegeuza chakula cha mfalme wa porini.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa la elimu ya mazingira. Mazingira si orodha ya vitu, kwamba hapa kuna miti, pale kuna ng'ombe, na kule kuna simba. Ni kama chandarua: ukivuta uzi mmoja hapa, tundu hufunguka upande usioutazama. Wazee walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Aliyeona mti umesimama hakuona askari walioushikilia.

MIPAKA YA JIBU

Haifai, hata hivyo, mtu asome habari hii kisha aseme kwamba kila mahali tembo ni rafiki wa miti, au kwamba punda milia ni faida kwa kila mfugaji. Huko kungekuwa kufanya kosa lile lile kwa upande wa pili. Jibu la Laikipia limetoka katika udongo wa Laikipia, katika mti wa aina moja na mvua ya nchi ile. Mtu wa nchi nyingine yapasa aulize kwake. Sayansi ya kweli husema ilichokipima, mahali ilipopimia, na muda iliochukua, kisha hunyamaza.

Yafaa pia kukumbuka habari ya muda. Kama wataalamu wangalifungua daftari zao baada ya mwaka mmoja, huenda wangaliandika kwamba miti iliyozungushiwa ua imepona midomo ya wanyama, na wote wangaliwapigia makofi. Mti haukuacha kulipa walinzi wake kwa siku moja. Mambo mengi ya ardhi huenda polepole: udongo huchoka polepole, chemchemi hukauka polepole, na mtu apimaye kwa haraka hupata jibu la haraka.

Njia hii haikuwekwa kwa ajili ya wenye vyuo vikuu peke yao. Mkulima mwenye robo eka aweza kuitumia. Akisikia mbegu mpya ikisifiwa, asiipande shamba zima, wala asiikatae bila kuiona. Aipande katika mistari michache kando ya mbegu yake ya zamani, kwa udongo mmoja na siku moja. Arudie mahali patatu au panne katika shamba. Apime mavuno kwa debe au kwa mizani, si kwa jicho. Na aandike katika daftari, maana kumbukumbu hupenda kumpendelea mwenyewe. Mwaka wa pili afanye tena, kwa kuwa mvua za mwaka mmoja si za mwaka mwingine. Akiona kwamba mbegu aliyoipenda imeshindwa, aandike hivyo hivyo.

Neno hili la mwisho ndilo gumu. Kujenga ua ni kazi ya fedha na mikono, na kupima ng'ombe ni kazi ya uvumilivu, bali kusema "nilidhani hivi, kumbe sivyo" ni kazi ya moyo. Huko Mpala mti ulikataa kusema walichotazamia watu, na wataalamu wakayaandika maneno yake kama yalivyo. Kwa sababu hiyo, mfugaji wa leo aonapo punda milia katika malisho yake aweza kuuliza kwanza ni majira gani, kabla ya kuokota jiwe.